Edouard Lanteri, Mwalimu wa Wachongaji

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa kusini-mashariki wa Paris, uko mji wa kale uitwao Auxerre, uliojengwa kando ya mto Yonne. Katika mji huo alizaliwa Edouard Lanteri mwaka wa 1848. Sanamu alizozifanya yeye mwenyewe si nyingi katika njia kuu za miji, wala jina lake halitajwi na watu wengi kama linavyotajwa jina la Rodin, mchongaji mkuu wa Ufaransa, aliyekuwa rafiki yake. Lakini katika Uingereza wametokea wachongaji wengi mashuhuri, wanaume kwa wanawake, ambao mikono yao ilifundishwa naye. Habari zake zatufaa sisi tusomao shuleni, maana ni habari za mtu aliyetoka kwao akiwa maskini, akakaa ugenini, akawapa wenyeji wake kitu kisichonunuliwa kwa fedha.

Lanteri alipokuwa kijana alikwenda Paris kujifunza kazi ya sanamu. Alisoma kwanza kwa mchongaji aliyeitwa Aimé Millet, kisha akaingia katika chuo kikubwa cha sanaa cha mji ule, akafundishwa na Guillaume na Cavelier. Watu wengi hudhani kwamba mchongaji hutwaa nyundo na patasi, akaanza papo hapo kupiga jiwe. Sivyo ilivyokuwa desturi ya Ulaya siku zile. Mchongaji alifinyanga sanamu yake kwanza kwa udongo mbichi. Udongo ukiwa tayari, aliufunika kwa jasi, na jasi ilipokauka akapata kalibu. Kwa kalibu hiyo alipata sanamu nyeupe ya jasi, ndipo shaba iliyoyeyushwa ilipomiminwa kwa mfano wake, au jiwe likachongwa kwa kuufuata. Basi mtu aliyetaka kuwa mchongaji hakuwa na budi kuujua udongo kwanza, na Lanteri aliujua vizuri sana.

Lakini kujua kazi ni jambo moja, na kupata chakula kwa kazi hiyo ni jambo jingine. Sanamu huchukua miezi mingi, na udongo, jasi na shaba ni vitu vya gharama, na mnunuzi hapatikani kila siku. Lanteri aliingia katika umaskini, hata akalazimika kuiacha sanaa yake na kushika useremala, akawa anatengeneza makabati na vyombo vingine vya nyumba ili apate riziki. Kijana aliyefundishwa na mabingwa wa Paris akawa anapima mbao na kuunga viungo. Wengine wangeona haya, wakakaa kitako kungojea bahati. Yeye alifanya kazi iliyopatikana.

Siku zile Ufaransa ilikuwa katika taabu kubwa. Mwaka wa 1870 ilipigana na Wajerumani ikashindwa, na mwaka wa 1871 watu wa Paris waliiasi serikali yao wenyewe. Mchongaji mmoja hodari aliyeitwa Jules Dalou alikuwa upande wa wale walioasi. Maasi yalipozimwa kwa umwagaji wa damu nyingi, Dalou alikimbilia London pamoja na mke wake na binti yao. Huko London alikuwako mchongaji mwingine, jina lake Joseph Edgar Boehm, aliyekuwa na kazi nyingi hata akahitaji msaidizi. Dalou akamtajia Lanteri. Hivyo mwaka wa 1872, akiwa na umri wa miaka 24, Lanteri akavuka bahari kwenda Uingereza. Naye Boehm hakuwa mzaliwa wa London, maana alizaliwa Vienna, katika nchi ya Austria. Kwa hiyo mgeni mmoja alimwombea kazi mgeni wa pili katika karakana ya mgeni wa tatu.

Lanteri alikaa katika karakana ya Boehm miaka kumi na minane, mpaka Boehm alipofariki mwaka wa 1890. Yafaa tuelewe jinsi ilivyo kazi ya msaidizi wa mchongaji. Msaidizi huunda kiunzi cha chuma na mbao kitakachoushika udongo. Huukanda udongo na kuupandisha. Hutwaa mfano mdogo wa bwana wake, akaukuza mpaka ukawa sanamu kubwa kuliko mtu. Sanamu ikisha, jina linaloandikwa ni la bwana. Wapitao njiani husimama na kusifu, wasijue kwamba mikono mingine pia imeshughulika. Wahenga husema kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, lakini ni wachache wanaouliza ni nani aliyeviunda.

Katika London palikuwa na shule ya serikali mahali paitwapo South Kensington, ambako vijana walifundishwa kuchora na kufinyanga, na wengi wao walitazamiwa kuwa walimu wa sanaa katika shule nyingine. Dalou alifundisha huko kwa muda. Shida yake ilikuwa lugha, kwa kuwa hakujua Kiingereza. Afundisheje mtu asiyeweza kusema na wanafunzi wake? Dalou alishika udongo akafinyanga mbele ya macho yao. Wanafunzi wakatazama mikono yake, wakaona kinachotangulia na kinachofuata, wakaelewa kuliko ambavyo wangeelewa kwa maneno mengi. Hata serikali ya Ufaransa ilipowasamehe walioasi, Dalou akarudi kwao, na mwaka wa 1880 Lanteri akashika mahali pake.

Toka mwaka huo hata kufa kwake Lanteri hakuiacha shule ile. Alifundisha miaka 37. Mwaka wa 1896 shule ikapewa jina la Chuo cha Kifalme cha Sanaa, na mwaka wa 1900 Lanteri akafanywa kuwa profesa wa kwanza wa uchongaji katika chuo hicho. Mwaka wa 1901 alipokea uraia wa Uingereza. Yule seremala maskini wa Paris sasa alikuwa raia wa nchi iliyompokea, na mwalimu wa watoto wake.

Tutazame sasa jinsi alivyofundisha, maana hapo ndipo ulipo ukubwa wake.

Mwanafunzi hakuanza na mtu mzima, wala hata na kichwa kizima. Alianza na jicho moja. Alipewa jicho la jasi, lililotwaliwa kwa kalibu katika sanamu ya Daudi iliyochongwa na Michelangelo huko Italia, akaambiwa alifinyange kwa udongo. Baada ya jicho alipewa pua, na kinywa, na sikio. Mwanafunzi mwenye haraka huweza kuona kwamba hayo ni mambo madogo. Lakini jicho si duara lililochorwa juu ya uso. Ni tufe lililokaa ndani ya shimo la mfupa, na kope zimelifunika kama kitambaa kilivyofunika chungwa. Asiyejua tufe hilo limekaaje, kope zake zitakuwa mistari mitupu isiyo na uhai.

Mwanafunzi alipofika kwenye kichwa cha mtu aliye hai, alifundishwa kwanza kusimamisha kiunzi. Alikaza nguzo juu ya ubao, akaweka waya zilizopindwa kwa kadiri ya kichwa. Ndani yake alitundika vijiti viwili vilivyofungwa kwa njia ya msalaba, ambavyo wachongaji huviita kipepeo. Kazi ya kipepeo ni kuushika udongo usiteremke kwa uzito wake. Mtu atazamaye kichwa kilichokwisha hawezi kukiona kipepeo kamwe, lakini kikikosekana, kazi ya wiki nzima yaweza kuanguka kwa usiku mmoja.

Kisha udongo uliwekwa kidogo kidogo, kwa vidonge vilivyoviringishwa kwa vidole, kimoja juu ya kingine, kama haba na haba inavyojaza kibaba. Lanteri hakupenda mwanafunzi abandike bonge kubwa na kulilainisha kwa kidole ili lipendeze upesi. Kila kidonge kiwe na sababu ya kuwekwa mahali pake. Na kwanza lije umbo kubwa: urefu wa kichwa, upana wake, jinsi shingo inavyokibeba. Nywele na mikunjo ya ngozi zije mwisho. Anayeanza na nywele ni kama mtu anayeezeka nyumba kabla hajasimamisha nguzo.

Tena mwanafunzi hakuruhusiwa kukaa mahali pamoja. Alitazama uso kutoka mbele, akazunguka akautazama ubavuni, akaenda nyuma, akarudi. Kila upande una mstari wake wa nje, na mistari hiyo yote ikiwa kweli, kichwa kizima kitakuwa kweli. Mwanafunzi alikuwa na timazi ya kupimia wima, na bikari ya kupimia urefu na upana. Vipimo hivi vilikuwa vya kulisahihisha jicho, visiwe vya kulifanya livivu.

Lanteri alifundisha pia kwamba juu ya mwili hapana kitu kisicho na sababu chini yake. Shavu limeinuka kwa sababu ya mfupa. Mkono umevimba hapa kwa sababu msuli umejikunja. Kwa hiyo alitaka wanafunzi waijue mifupa na misuli kama mganga anavyoijua, wasije wakaiga ngozi tu. Kuiga usichokielewa ni kama kusoma kwa sauti maneno ya lugha usiyoijua. Wasikilizaji waweza kudanganyika, lakini wewe mwenyewe hujui ulichosema.

Twaweza kuuliza: Je, mafundisho makali namna hii hayakuwafanya wanafunzi wote kufanana, kama matofali yaliyotoka katika kalibu moja? Lanteri aliona kwamba sivyo. Kwake ujuzi wa mkono ulikuwa kama sarufi kwa mwandishi. Sarufi haimwambii mtu aseme nini, bali humwezesha kulisema vema lile lililo moyoni mwake. Kwanza mwanafunzi aone kilicho kweli, kisha aweze kukifanya. Akisha kuweza, namna yake mwenyewe itatokea bila kutafutwa.

Na mambo yalikuwa hivyo. Katika miaka ya 1890 Ruby Levick na Margaret Giles walisoma kwake, wakawa wachongaji wenye sifa wakati ambapo wanawake wachache tu walipata nafasi katika kazi hiyo. Gilbert Ledward alisoma kwake, na mwaka wa 1913 akawa mchongaji wa kwanza kupata tuzo ya kwenda kusoma Roma. Charles Wheeler alisoma kwake, na mwaka wa 1956 akawa mchongaji wa kwanza kuwa rais wa Akademia ya Kifalme ya Sanaa. Kazi zao hazifanani.

Zamani mafundi wengi walificha siri za kazi zao, wakawafunulia watoto wao tu. Lanteri alifanya kinyume. Aliandika kwa Kiingereza, lugha ya ugenini, kitabu juu ya kufinyanga kwa ajili ya walimu na wanafunzi. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1902, ya pili mwaka wa 1904, na ya tatu, inayoeleza habari za farasi, ng'ombe na simba, mwaka wa 1911. Ndani yake alieleza yote, hata namna ya kufunga kipepeo. Kitabu hicho kimepigwa chapa tena mara nyingi, na wachongaji hukisoma hata leo.

Mwaka wa 1914 Vita Kuu ikaanza. Wanafunzi wengi wakaacha udongo wakashika bunduki. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani aliitwa Francis Derwent Wood. Yeye alizaliwa mwaka wa 1871, kwa hiyo alikuwa amekwisha kupita umri wa kupigana. Akajitoa mwaka wa 1915 kuwa mtumishi katika hospitali kubwa ya askari huko Wandsworth, London, na kwanza alifanya kazi ya kutengeneza magango ya kufungia mifupa iliyovunjika.

Katika vita ile watu walipigana wakiwa ndani ya mahandaki. Mwili ulisitirika, lakini kichwa kilichochungulia kilipigwa. Maelfu ya askari waliumizwa usoni. Waganga waliweza kuokoa maisha ya wengi na kuwatengeneza wengine nyuso, lakini wako ambao uganga wa siku zile haukuweza kuwarudishia pua, au taya, au jicho. Watu hao walipona jeraha, wasipone huzuni. Wengine waliogopa kuonekana hata na jamaa zao.

Wood aliwatazama akaona kwamba mahali ambapo kazi ya mganga imekwisha, kazi ya mchongaji yaweza kuanza. Mwaka wa 1916 akafungua chumba cha kutengeneza nyuso za bandia. Jeraha likisha kupona, aliufunika uso wa askari kwa jasi akapata kalibu yake. Kisha alitwaa picha ya askari yule iliyopigwa kabla ya vita, akafinyanga kile kilichopotea: jicho hili likae sawa na lile, pua irudi kama ilivyokuwa, kinywa kiwe kama mamaye alivyokijua. Kutokana na mfano huo alipata ganda jembamba sana la shaba, likapakwa fedha, kisha rangi iliyolingana na ngozi ya mtu mwenyewe. Mara nyingi lilishikwa usoni kwa miwani.

Fikirini, wasomaji, kazi hiyo ilihitaji nini. Haikuhitaji sanamu ya kupendeza tu, wala uso mzuri wa mtu yeyote. Ilihitaji uso wa mtu huyu, wala si wa mwingine, na kila kipimo kiwe kweli, maana kosa dogo lingeonekana na kila mtu njiani. Ndiyo kazi ile ile ambayo Lanteri aliwatia wanafunzi wake kuifanya miaka mingi ya amani, wakati ambapo hapana aliyejua kwamba itahitajiwa namna hii: jicho, pua, kinywa, sikio, kimoja kimoja, mpaka viwe sawa. Habari za Wood zikaenea. Mchongaji mwanamke wa Marekani, Anna Coleman Ladd, akafungua chumba kama kile huko Paris, akawasaidia askari wa Ufaransa. Hivyo ujuzi uliokuja London kutoka Ufaransa pamoja na wageni maskini ukarudi Ufaransa kuwafunika watu wake.

Lanteri alifariki mwezi wa Desemba mwaka wa 1917, vita ikiwa bado haijaisha. Mwaka wa 1918 chuo kilimchagua profesa mpya wa kukaa mahali pake, naye alikuwa Derwent Wood.

Mwanafunzi mwingine aliyerudi kutoka vitani alikuwa Charles Sargeant Jagger. Alianza akiwa mvulana wa miaka kumi na minne, akijifunza kazi ya kuchora nakshi juu ya madini, kisha akapata msaada wa fedha wa kusoma kwa Lanteri. Mwaka wa 1914 alipata tuzo ya kwenda Roma, lakini akaiacha akaenda vitani, akaumizwa zaidi ya mara moja. Baada ya vita alipewa kazi ya kufanya ukumbusho wa askari wa mizinga 49,076 waliokufa. Alifanya mzinga mkubwa wa jiwe, na kuuzunguka akaweka askari wanne wa shaba. Mmoja wao amelala chini, amekufa, na koti lake limefunikwa juu ya uso wake. Ukumbusho ulipofunuliwa mwaka wa 1925, wako waliochukizwa, wakitaka kuona malaika na mataji ya ushindi. Jagger alikuwa amefanya kile alichokiona. Alifundishwa kwamba ukweli hutangulia.

Ukumbusho huo uko London, mahali paitwapo Hyde Park Corner, na wachongaji wengine wawili wa habari hii wana kazi zao hapo hapo. Iko sanamu ya Wellington juu ya farasi, iliyosimamishwa mwaka wa 1888, kazi ya Boehm, wakati Lanteri alipokuwa msaidizi katika karakana yake. Uko ukumbusho wa askari wa bunduki za mtombo, kazi ya Derwent Wood, nao pia ni wa mwaka wa 1925. Wood aliufanya kwa mfano wa kijana Daudi, ameshika upanga wa Goliathi. Mtu asimamaye hapo aona kazi ya bwana wa Lanteri, na kazi za wanafunzi wake wawili. Jina la Lanteri mwenyewe halionekani, kama kipepeo kisivyoonekana ndani ya kichwa kilichokwisha.

Hunenwa kwetu kwamba mgeni aje ili mwenyeji apone. Huyu alikuja, na wenyeji wakapona. Ninyi mtakaokuwa walimu, au mafundi, au wauguzi, fanyeni vema hata jambo dogo mpewalo sasa, wala msimfiche mwenzenu mnachokijua. Hamjui ni nani atakayekihitaji kesho.